ENGADIN: BONDE AMBAMO GURUDUMU HUPIGA HODI

Ndugu msomaji, baiskeli huhitaji kuelezwa. Umeiona ikibeba magunia ya mkaa, umeiona ikibeba mikungu ya ndizi na madumu ya maji, umeiona ikimkimbiza mgonjwa zahanati usiku wa mvua. Pengine wewe mwenyewe, ulipokuwa mdogo, ulibebwa mbele ya baba yako ukishika usukani pamoja naye. Kwetu sisi baiskeli ni chombo cha kazi, na sifa yake hupimwa kwa uzito wa mzigo.

Jumapili hii nakualika uitazame baiskeli isiyobeba kitu. Haina keria, haina madigadi, wala haina taa. Tairi zake ni nene, zenye meno kama tairi za trekta. Ina springi mbele na nyuma, na breki zake hazibani rimu bali hukamata sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu. Mwenye nayo huipandisha mlimani, akifika kileleni hugeuka na kushuka, basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Huenda ukacheka na kusema, huo ni mchezo wa watu walioshiba. Si uongo. Lakini usifunge ukurasa, kwani nyuma ya mchezo huo limo swali lisilo la mchezo hata kidogo: njia ni ya nani, na ni nani mwenye haki ya kuamua gurudumu gani lipite na gurudumu gani lizuiwe? Liko bonde moja katika milima ya Alpi ambalo wakazi wake wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 100. Tufuatane huko.

BONDE LENYEWE

Bonde hilo huitwa Engadin. Liko kusini-mashariki ya Uswisi, katika jimbo la Graubünden, karibu na mipaka ya Italia na Austria, na urefu wake ni zaidi ya kilomita 80. Katikati yake hupita mto Inn, ambao ndio uliolipa bonde jina lake. Sehemu ya juu ina maziwa yaliyopangana kama shanga: Sils, Silvaplana, na St. Moritz. Mji wa St. Moritz uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, yaani juu kidogo kuliko Mbeya mjini. Lakini kwa kuwa ni mbali na ikweta, ziwa lake huganda wakati wa baridi hata farasi hushindanishwa mbio juu ya barafu. Upande wa kusini husimama Piz Bernina, wenye mita 4,049, mlima mrefu kuliko yote ya Alpi za mashariki. Kilimanjaro chetu kinauzidi kwa zaidi ya mita 1,800.

Wenyeji wa asili husema Kiromanshi, lugha iliyotokana na Kilatini cha askari na wachuuzi wa Kirumi. Mwaka 1938 wananchi wa Uswisi walipiga kura kuifanya kuwa lugha ya taifa, pamoja na Kijerumani, Kifaransa na Kiitalia, ingawa wasemaji wake walikuwa wachache. Salamu yao ni "Allegra". Ishike salamu hiyo, ndugu msomaji, maana utaihitaji njiani.

Leo St. Moritz inajulikana kwa mahoteli ya matajiri, na imewahi kuandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, mwaka 1928 na mwaka 1948. Lakini zamani bonde hili lilikuwa la watu maskini. Vijana wake walihamia Venice na miji mingine ya mbali kwenda kutengeneza keki na peremende, kwa kuwa nyumbani ardhi ilikuwa kidogo na baridi nyingi. Waliobaki walifuga ng'ombe. Wakati wa kiangazi walipandisha mifugo kwenye malisho ya juu, wakakata majani ya akiba, na misafara ya nyumbu ikavuka mlima Bernina ikileta mvinyo kutoka upande wa kusini. Miguu ya watu hao na kwato za wanyama wao ndizo zilizochora vijia vya milimani. Kila unapomwona mwendesha baiskeli akiteleza kwa furaha katika kijia chembamba, kumbuka kwamba aliyekifungua hakuwa akicheza.

TRENI YA KUPANDISHIA BAISKELI

Mchezo wenyewe haukuzaliwa Uswisi. Ulizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipochukua baiskeli kuukuu, nzito, za breki ya kurudisha pedali nyuma, wakashuka nazo katika mlima Tamalpais. Kila baada ya mteremko breki ilikuwa imepata moto hata grisi yake ikaungua, ikabidi kuifungua na kuijaza upya. Kutokana na masumbuko hayo walianza kuunda baiskeli zao wenyewe, na kuanzia mwaka 1981 viwanda vikaanza kuzitoa kwa wingi. Hazikukawia kufika Ulaya.

Katika Engadin zilikuta neema moja iliyokwisha kuwekwa na vizazi vilivyotangulia, nayo ni reli. Njia ya reli ya Bernina, iliyokamilika mwaka 1910, hutoka St. Moritz na kuvuka mlima mpaka Tirano, Italia, mwendo wa kilomita 61. Hupanda bila msaada wa gurudumu la meno, kwa kushikana kwa chuma na chuma tu, mpaka stesheni ya Ospizio Bernina iliyo mita 2,253. Mwaka 2008 reli hiyo, pamoja na ile ya Albula, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini haikugeuzwa pambo. Hubeba wafanyakazi, wanafunzi, watalii, na baiskeli zao.

Basi kata tiketi yako, kata na ya baiskeli, uipakie kwenye behewa jekundu. Utapanda ukiwa umeketi dirishani. Misonobari itapungua taratibu, kisha itakwisha kabisa, na utashuka mahali penye mawe, majani mafupi, na upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa hata mwezi wa Julai.

Hapo Ospizio Bernina yako maziwa mawili yanayokaribiana. Moja ni Lago Bianco, yaani Ziwa Jeupe, ambalo maji yake yamechanganyika na unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. La pili ni Lej Nair, yaani Ziwa Jeusi, lenye maji ya rangi ya chai. Tone la mvua likianguka upande wa ziwa jeupe huteremka Italia mpaka Bahari ya Adria. Likianguka upande wa ziwa jeusi huingia mto Inn, kisha mto Danube, likapita nchi nyingi mpaka Bahari Nyeusi. Simama hapo kidogo kabla ya kupanda baiskeli. Ni mahali padogo ambapo pumzi moja ya upepo huweza kuamua safari ya tone.

MTEREMKO

Sasa teremka. Kijia hufuata upande wa ziwa jeusi, kikipita penye majani na vijito, mara karibu na reli, mara mbali nayo. Weka uzito wako nyuma kidogo, pedali ziwe sawasawa, vidole viwili juu ya breki. Usitazame jiwe linalokutisha, bali tazama pale unapotaka kupita, maana gurudumu hufuata macho. Wahenga waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwa wamepanda baiskeli hizi, lakini methali yao imetimia hapa kila siku.

Utasikia mluzi mkali. Usidhani umeitwa. Ni marmoti, mnyama anayefanana na pimbi wetu, akiwaonya wenzake kwamba mgeni anakuja. Chini zaidi misonobari hurudi, na kijia hujaa mizizi na mawe yaliyopangana kama ngazi. Hapo wengi hushuka na kuibeba baiskeli begani, wala si aibu.

Ukifika stesheni ya Morteratsch, iache baiskeli utembee kwa miguu kuelekea kwenye mto wa barafu. Njiani utakuta vibao vyenye tarakimu za miaka. Kila kibao huonyesha mahali ambapo barafu ilikomea mwaka huo. Utatembea kutoka kibao hadi kibao, na barafu bado huioni. Tangu vipimo vilipoanza mwaka 1878 imerudi nyuma kiasi cha kilomita 3. Wazee wa bonde hawahitaji mtaalamu awaeleze maana ya joto la dunia, kwa kuwa limeandikwa mbele ya macho yao. Nasi tulioona theluji ya Kilimanjaro ikipungua tunaisoma barua ileile.

Jambo hilo halikosi uhusiano na baiskeli. Bonde lililokuwa likiishi kwa theluji linajua kwamba theluji si ya kutegemea kama zamani, na hivyo limeyatazama majira ya kiangazi kwa macho mapya. Juu ya St. Moritz, mahali paitwapo Corviglia, penye mita 2,486, treni ya kuvutwa kwa kamba iliyojengwa kwa ajili ya kupandisha watu wa theluji sasa hupandisha pia baiskeli. Kutoka hapo imechongwa njia maalumu yenye kona zilizoinuliwa ukingoni, ambayo hata mtu aliyeanza jana huweza kushuka nayo akiwa salama.

WALIOIKATAA MOTOKAA

Tumefika kwenye kiini cha safari yetu. Je, ni nani aliyeruhusu magurudumu haya yapite katika vijia vya wachungaji?

Rudi nyuma mpaka mwaka 1900. Mwaka huo serikali ya jimbo la Graubünden ilipiga marufuku motokaa katika barabara zake zote. Motokaa zilitisha farasi, zilitimua vumbi, zilichimbua barabara ambazo wananchi walizitengeneza kwa gharama zao, na waliokuwa nazo walikuwa wageni wenye fedha. Tajiri aliyefika mpakani na motokaa yake ilimpasa aizime na kuifunga farasi waivute. Jambo hilo lilipigiwa kura mara 10, na mara nyingi jibu la wananchi lilikuwa hapana. Ni mwaka 1925 tu walipokubali, tena kwa kura chache za ziada.

Wako waliowacheka na kuwaita washamba. Mimi siwacheki. Kwa miaka 25 watu wale walisimamia kanuni moja: barabara ni mali yetu, na mwenye kutaka kupita na chombo kipya sharti aje aombe. Hata hivyo nisikufiche kasoro yao. Wote waliopiga kura hizo walikuwa wanaume. Wanawake wa Uswisi, ambao walikata majani na kubeba maziwa katika vijia vilevile, walipata haki ya kupiga kura za taifa mwaka 1971. Umma ulioamua ulikuwa nusu ya umma.

Baiskeli ilikuta msingi mwingine imara. Sheria ya Uswisi ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika mwaka 1912, husema kwamba kila mtu ana ruhusa kuingia katika misitu na malisho, hata kama ardhi ni ya mwingine, mradi afuate desturi ya mahali na asivunje katazo la wenye mamlaka. Mwaka 1979 wananchi walipiga kura kuingiza vijia vya waendao kwa miguu katika katiba, na sheria yake ikatungwa mwaka 1985. Mwaka 2018, zaidi ya asilimia 73 ya waliopiga kura walikubali njia za baiskeli nazo ziingizwe. Sheria iliyofuata ilianza kazi tarehe 1 Januari 2023, nayo inazigusa pia njia za milimani.

Katika Graubünden kijia kimoja mara nyingi hutumiwa na wote wawili, mwenye miguu na mwenye baiskeli, isipokuwa pale palipowekwa kibao cha kukataza. Lakini haki zao hazilingani: mwenye miguu ndiye mwenye nafasi ya kwanza. Mwendesha baiskeli anayetoka nyuma hupunguza mwendo, hugonga kengele yake ndogo, hungoja apishwe, kisha hutoa salamu ile niliyokuambia uishike: Allegra. Sisi tungesema amepiga hodi.

Ukitaka kujua thamani ya mpango huo, fuata mto Inn mpaka uvuke mpaka wa Austria. Maji ni yaleyale na milima ni ileile, lakini sheria ni nyingine. Kwa sheria ya misitu ya Austria ya mwaka 1975, mtu huruhusiwa kutembea msituni, ila kuendesha baiskeli ni mpaka apewe ruhusa na mwenye msitu. Jimbo la Tyrol lilianza mwaka 1997 mpango wa kufanya mikataba na wenye ardhi, wakalipwa na kuwekewa bima ili wafungue njia zao. Mpango huo umesaidia. Lakini tazama tofauti: upande mmoja njia iko wazi mpaka ifungwe, na upande wa pili imefungwa mpaka ifunguliwe.

MAHALI AMBAPO GURUDUMU HALIPITI

Usidhani basi kwamba Engadin ni soko huria la kila mwenye tairi. Upande wa chini wa bonde iko Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa tarehe 1 Agosti 1914, ya kwanza katika milima yote ya Alpi. Humo baiskeli haziingii katika vijia. Hakuna kulipia, hakuna cheti maalumu, hakuna mkubwa wa kumpigia simu. Swala na tai wamepewa mahali ambapo hawatapigiwa kengele, na wenye baiskeli huizunguka hifadhi kwa nje.

Jimbo hilo limetoa pia bingwa. Nino Schurter, aliyezaliwa mwaka 1986, ni mtoto wa bonde jingine la Graubünden. Alitwaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za milimani mara 10, akapata shaba ya Olimpiki Beijing mwaka 2008, fedha London mwaka 2012, na dhahabu Rio mwaka 2016. Nao wanawake wa Uswisi walichukua medali zote tatu katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Jolanda Neff akiwa wa kwanza. Mabingwa hawaanguki kutoka mbinguni. Hukulia mahali ambapo kijia kilicho nyuma ya nyumba yao kiko wazi.

Lakini sitaki uondoke na picha ya peponi. Wengi wanaotandika vitanda na kupika katika mahoteli ya Engadin huvuka mpaka kila asubuhi kutoka Italia, na hurudi jioni. Nyumba nyingi za bonde ni za matajiri wa mbali, nazo hukaa zimefungwa madirisha muda mwingi wa mwaka, huku kijana mzaliwa wa hapo akitafuta chumba cha kupanga bila mafanikio. Mwaka 2012 wananchi wa Uswisi walipiga kura kwamba nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 katika mtaa wowote. Kura hiyo ilikuja wakati mitaa mingi ya bonde ilikuwa imekwisha kuvuka kiwango hicho mbali sana. Walioilinda barabara kwa miaka 25 hawakuilinda nyumba kwa ukali uleule. Njia imebaki ya wote, ila makao yamekuwa ya wenye nacho. Hilo ndilo deni la bonde hili, na mgeni anayeteremka kwa furaha yafaa alijue.

LANGO LA MALISHO

Kabla hujafika Pontresina utakuta uzio wa waya na lango dogo. Nyuma yake wamo ng'ombe, na pengine ng'ombe mwenye ndama. Shuka kwenye baiskeli. Usimkaribie ndama, hata akiwa mzuri namna gani, kwa maana mama yake hajui kwamba wewe ni mtalii. Fungua lango, pita, kisha lifunge kama ulivyolikuta. Lango lililoachwa wazi ni kutwa nzima ya mchungaji kutafuta mifugo bondeni, na mchungaji aliyechoka ndiye atakayesimama katika mkutano wa kijiji kudai kijia kifungwe.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo mambo yote niliyokueleza huamuliwa. Sheria ya mwaka 1907 ni nzuri, na kura ya mwaka 2018 ni nzuri, lakini ruhusa ya kupita huombwa upya kila siku langoni, na kila mpitaji huomba kwa niaba ya wenzake wanaomfuata.

Utafika Pontresina ukiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Osha baiskeli yako bombani, tia mnyororo mafuta, utazame juu ulikotoka. Nawe utakaporudi kwenye baiskeli yako yenye keria, katika kijia kile cha kwenda kisimani au mashambani ambacho wazee wetu walikifungua kwa nyayo zao, jiulize ni lini mara ya mwisho wanakijiji walipoketi pamoja kukizungumza: nani apite, nani akifyeke, na nani akitengeneze mvua ikikibomoa. Kama ni zamani mno, basi litaje jambo hilo katika mkutano ujao.